Jeneza Lililogeuka Njiani

Du!

Kimya.

Du!

Haikuwa ngumi, wala jiwe, wala kitako cha bunduki. Katika miaka yake ya kuandika habari za muziki wa Kinshasa, Ekofo Bompese alikwisha kugongewa mlango kwa vyote hivyo, na alizijua sauti zake. Hii ilikuwa sauti ya mbao nzito, mbao yenye kitu ndani yake, ikipigwa kwenye mlango wa bati.

Du!

"Wanagonga kwa kitu gani hao?" aliuliza mhariri Lofembe kutoka chini ya meza. "Wanatumia gogo?"

Ekofo aliweka jicho kwenye tundu la ufunguo. Alipoliondoa, uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Wanatumia maiti," alisema.

Ninyi mlionisoma Jumamosi iliyopita mnajua ni maiti ya nani. Na wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, sogea hapa, hutapotea. Kiala Nsona, mpiga gitaa la solo wa Mpela, bendi ya Mkubwa Bosenge, yule waliyemwita Sindano, amekufa kwa kifua. Asubuhi hii vijana wa Ngaba, mtaa wake, waliwapora wazee jeneza lake ili wampeleke wenyewe makaburini Kintambo. Walipofika mzunguko wa Victoire, jeneza likakataa njia. Likayumba, likawasukuma wabebaji, likageuka. Kinshasa nzima inajua jeneza likikataa njia linakwenda wapi. Linakwenda kwa aliyemuua marehemu.

Nalo lilikuja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa gazeti la Mongongo.

Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu asubuhi hiyohiyo gazeti lilikuwa limetoka na habari ya kifo, kwa mkono wa Ekofo mwenyewe: "Amefariki Kiala Nsona, aliyemsaidia Mkubwa Bosenge kupiga gitaa katika utunzi maarufu wa Bosenge, Ningoje Ngaba."

Aliyemsaidia! Ngaba yote ikasoma neno hilo na damu ikaipanda kichwani.

Du! Bawaba ya juu ikang'oka.

"Ekofo, ndugu yangu," Lofembe alisema, "makala ni yako. Toka ukazungumze nao."

"Jana ulisema utanitetea mpaka tone la mwisho."

"La wino! Nilisema la wino!"

Bawaba ya chini ikaachia. Mlango ukalala, na jeneza likaingia chumbani kwa kishindo, likapita juu ya meza, likaisaga taipureta ya Ekofo kama karanga. Nyuma yake wakamiminika vijana wenye vitambaa vyekundu vichwani na matawi mabichi mikononi. Wengine walikuwa na mapanga.

"Ni huyu!" Lofembe alipiga kelele akimwonyesha Ekofo kwa kidole. "Mimi nasahihisha nukta tu!" Akarukia dirishani. Chupa ikamfuata, ikampata kisogoni, akaangukia nje kama gunia la muhogo.

Ekofo akabaki peke yake.

Mbele yake alisimama rais wa mashabiki wa Kiala, jitu la Ngaba linaloitwa Misumari. Lilitabasamu, na ukiyaona meno yale huulizi tena jina limetoka wapi.

"Mbote, Baba Ekofo," Misumari alisema kwa adabu. "Kalamu ya Kinshasa! Hujambo?"

"Kijana, nisikilize, hebu tu..."

Kofi la kwanza lilimnyamazisha. La pili likamkalisha.

"Unaandika kwa mkono gani?"

Misumari akainama, akavitazama vidole vya Ekofo kimoja kimoja, mpaka akaona wino kwenye vile vya kulia. Akaulaza mkono ule sakafuni taratibu, kama mtu anayenyoosha nguo ya kupiga pasi. Kisha akapanda juu yake na buti.

Sauti ya vidole kuvunjika ni ndogo. Ukelele uliofuata ulisikika mpaka barabarani.

"Lete gazeti!"

Gazeti likaletwa. Misumari akachana ukurasa wenye habari ya kifo, akaukunja, akaushindilia kinywani mwa Ekofo.

"Tafuna. Miaka kumi na miwili unatulisha sisi, leo jilishe mwenyewe."

Vijana wakaanza kuimba. Waliimba Ningoje Ngaba, tena wakaimba mahali palepale pa sebene, pale gitaa linaposhika kasi na kila mlevi wa mji huu huweka glasi chini ili apige kelele pamoja na santuri. Pale ndipo Elombe, mtaja majina wa Mpela, yule anayewasifu watu ndani ya nyimbo, hulia ukelele wake ambao hakuna mwingine anayeuweza: "Aaa-yeeei! Ekofo! Kalamu ya Kinshasa!"

"Aaa-yeeei!" vijana waliiga kwa dhihaka. "Ekofo! Tafuna ya Kinshasa!"

"Mwongezeeni chumvi!" mmoja alidakia.

"Chumvi anayo, si unaona damu?"

Wakacheka. Ekofo alitafuna. Wino ulikuwa mchungu, na katikati ya uchungu ule alisikia kila herufi ya jina la Bosenge ikimkwama kooni.

Wakamburuta nje kwa miguu yake. Jua la saa nne lilimchoma macho. Mtaa mzima wa Matonge ulikuwa umejaa barabarani: wauza mitumba, wasusi wenye vitana mikononi, wanywaji waliotoka na viti vyao ili watazame wakiwa wamekaa. Mtu akaleta dumu. Ekofo akasikia ubaridi ukimteremka kichwani mpaka mgongoni, halafu pua yake ikatambua ni petroli.

"Neno la mwisho, mwandishi?" Misumari aliuliza, kiberiti mkononi. "Fupi. Huu si ukurasa wako."

Njiti ikachanwa. Ikawaka.

Kofi likampata Misumari kwenye mkono, na njiti ikazimikia kwenye mtaro.

"Nani kakuambia umchome?"

Alikuwa mwanamke. Miguu mitupu, kichwa kimenyolewa, kanga moja kuukuu kifuani. Vijana wote wenye mapanga walirudi nyuma kama watoto. Alikuwa Landu, mjane wa Kiala.

"Mama," Misumari alisema, sauti imepungua nusu, "mumeo mwenyewe ndiye aliyetuleta hapa."

"Mume wangu hakuwahi kuchoma mtu. Ukimchoma huyu, nini kitabaki? Yeye atakuwa majivu, na aliyoyaandika yatabaki vilevile. Nani atayafuta? Wewe? Unajua kuandika wewe?"

Misumari alitazama buti zake.

Landu akamgeukia Ekofo. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, Mama."

"Ulikaa wapi siku ile?"

Ekofo aliinamisha uso. Landu akamzaba kofi ambalo liliuma kuliko yote ya Misumari.

"Nimekuuliza, ulikaa wapi!"

"Uani kwenu. Ngaba. Kwenye kinu kilichopinduliwa."

"Ulikula nini?"

"Samaki. Wa majani. Na kwanga ya muhogo."

"Nani aliwaoka?"

"Wewe, Mama."

"Na mume wangu alikuwa anafanya nini, wewe ukijilamba vidole?"

Hata wanywaji walikuwa wameshusha chupa. Ekofo alifumba macho, na ua ule ukamrudia mzima: moshi wa majani, gitaa lenye nyuzi nne tu kwa sababu mbili zilikuwa zimekatika, na Kiala kijana, akitafuta maneno ya kumwambia msichana wa Ngaba amngoje mpaka atakaporudi kutoka ziara ya mtoni. Alikosea, akarudia. Akakosea tena, Landu akamcheka. Ilipofika jioni wimbo ulikuwa umekamilika, na Ekofo alikuwa mtu wa kwanza duniani, baada ya wale wawili, kuusikia mpaka mwisho.

"Alikuwa anatunga," alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Alikuwa anatunga Ningoje Ngaba!"

Umati ukanguruma kama lori linalopanda mlima.

"Ukaja ukaandika nini?"

"Mama, desturi ya bendi... Wimbo ukizaliwa ndani ya bendi hubeba jina la mwenye bendi. Santuri ilitoka imeandikwa Bosenge, nami niliandika kilichoandikwa kwenye santuri."

"Uongo! Ulisikia jina lako. Walikuita ndani ya wimbo, na tangu siku hiyo ukamsahau aliyeutunga." Alikuwa hapigi kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Redio ikasoma ulichoandika. Akaja Mbelgiji mmoja, akakusanya magazeti yako, akatoa kitabu cha muziki wetu, na mle kitabuni mume wangu hayumo. Mwanangu aliulizwa darasani wimbo huu ni wa nani. Akasema ni wa baba. Akachapwa, Ekofo. Alirudi nyumbani na mistari mgongoni. Mwalimu alimwambia: mbona gazeti halisemi hivyo?"

Nawaapia, wasomaji wangu, petroli ilikuwa haijawaka lakini Ekofo aliungua.

"Hapa hatuamui sisi," Misumari alisema, akitaka kurudisha ukubwa wake. "Marehemu mwenyewe aamue. Mpeni pembe ya mbele!"

Wazo hilo likashangiliwa. Wakamsimamisha Ekofo, wakamsukuma chini ya jeneza, pembe ya mbele kulia. Wabebaji wakaliinua juu ya vichwa, kama vijana wa Ngaba wanavyobeba. Akiwa msafi, jeneza litakwenda. Akiwa ndiye muuaji, litamwadhibu lenyewe.

Jeneza likaenda. Kidogo tu. Kisha likayumba, likamsukuma Ekofo pembeni kwa nguvu, likambamiza ukutani.

"Kamkataa!" umati ulilia.

Likarudi nyuma, likambamiza tena. Ubavu wake ukalia kwa ndani. Jeneza likavuta pumzi, kama ng'ombe anayetaka kupiga pembe, likamjia mara nyingine, na safari hii kichwa chake kikagonga tofali na damu ikamfunika jicho.

"Kamkataa! Kamkataa!"

Lakini Ekofo, hata akiwa na jicho moja, alikuwa mwandishi. Na kule chini ya jeneza, gizani, miongoni mwa miguu na jasho, aliona jambo ambalo umati haukuliona. Mbao ile haikuwa na nguvu yoyote. Nguvu zote zilitoka kwa mbebaji aliyekuwa pembe ya mbele kushoto, pande la mtu aliyejifunga kitambaa chekundu usoni mpaka chini ya macho. Kila mara kabla jeneza halijayumba, mtu yule alipanga miguu yake.

Macho yao yakakutana.

"Kufa kimya, mwandishi," mtu yule alinong'ona. "Mkubwa Bosenge anakusalimu. Ukishakufa, ulichoandika hakibadiliki tena."

Ekofo aliijua sauti ile hata ikinong'ona. Kwa miaka kumi na miwili sauti ile ilikuwa imeliita jina lake katika kila baa ya mji, na kila ilipoliita, kichwa chake kilikuwa kimevimba kwa fahari.

Apige kelele? Nani angemwamini mtu anayenuka petroli? Pande lile likapanga miguu kwa mara ya mwisho.

Safari hii Ekofo hakungoja. Mguu wa adui ulipotangulia, yeye aliachia pembe yake na kuanguka goti. Jeneza likainama. Uzito wote wa Kiala Nsona, na mbao zake, na misumari yake, ukateremka kwa pembe moja juu ya mguu wa yule mbebaji.

"Aaa-yeeeeei!"

Wanawake wakatazamana. Mnywaji mmoja akainuka kitini, kwa mazoea tu, akajibu, "Ekofo! Kalamu ya Kinsha..." kisha akajiziba mdomo mwenyewe.

Hapakuwa na mtu katika Matonge asiyeujua ukelele ule. Walikuwa wameucheza kwenye harusi zao na kuulilia kwenye matanga yao.

Misumari alisogea polepole. Akashika kitambaa chekundu, akakivuta.

"Elombe," alisema. "Mtaja majina wa Bosenge."

"Si hivyo mnavyofikiri," Elombe aligugumia. "Na mimi nimekuja kumzika rafiki."

"Ukiwa umefunika uso?"

"Jua kali, ndugu yangu."

Walimwangukia wote kwa pamoja. Sitawaambia kila kitu kilichofanyika pale, maana gazeti hili linasomwa mezani. Matawi yalivunjikia mgongoni mwake, yakafuata mateke, yakafuata mawe. Alipobaki na meno machache ya kusemea, alisema:

"Mkubwa ndiye aliyenituma! Alijua mtalipeleka jeneza kwake! Akaniambia niingie miongoni mwa wabebaji, niligeuze Victoire, nililete kwa mwandishi! Mniache, mimi nataja majina tu!"

Umati ukawaka upya.

"Kwa Bosenge! Kwa Bosenge!"

Mapanga yakainuka. Dumu la petroli likainuliwa nalo. Misumari akamkamata Ekofo kwenye ukosi, akampandisha juu ya pipa tupu la mafuta ili kila mtu amwone.

"Haya, Baba Ekofo, bahati yako imerudi. Watu wanaamini kinachotoka kwako. Tangaza! Sema Bosenge kamla Kiala kwa uchawi. Sema neno hilo moja, wewe nenda zako nyumbani ukaoge."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sentensi moja, naye angepona. Sentensi moja, na Bosenge asingeliona jua la mchana. Ekofo alitazama uso wa Landu, akaona hausemi lolote. Unangoja tu.

"Sisemi," Ekofo alijibu.

"Nini?"

"Kiala ameuawa na kifua. Nilimwona hospitali akikohoa damu, na wewe ulimwona. Bosenge hakumla Kiala." Alitema kipande cha gazeti kilichobaki kwenye jino. "Alilila jina lake. Na aliyemwandalia sahani ni mimi. Hilo ndilo nitakalotangaza, na hata ukinikata vipande hutapata lingine. Kwa uongo wa mtu mkubwa nimeandika vya kutosha. Sitaanza na wa watu wadogo."

Misumari alimpiga kwa ubapa wa panga shingoni. Ekofo akaanguka kutoka juu ya pipa. Akapigwa tena, akajiinua kwa mkono wa kushoto. Akapigwa tena.

"Sema!"

"Kifua!"

"Sema uchawi!"

"Kifua, Misumari! Kifua! Kifua!"

Panga likageuzwa. Sasa makali ndiyo yaliyotazama chini.

"Mwache," Landu alisema. Akapita katikati yao, na panga likabaki angani bila kazi. "Neno hilo la sahani nimelingoja miaka kumi na miwili. Umelisema kwangu, Ekofo. Mimi nilikuwa nalijua. Sasa utalisema kule."

"Wapi, Mama?"

"Nani husoma wasifu mbele ya jeneza la mwanamuziki katika mji huu?"

"Mimi."

"Basi Kiala hazikwi bila wasifu. Utausoma barazani kwa Bosenge, Bosenge mwenyewe akiwa amekaa. Na ninyi," aliwageukia vijana, "atakayemgusa Bosenge kabla wasifu haujaisha, asije kwenye matanga yangu. Nisimwone mlangoni."

Misumari alishusha panga. "Na ukishaisha?"

"Ukishaisha, tutaongea."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, jeneza mbele, na Ekofo chini ya pembe ileile, mkono wake umevimba kama embe bovu. Cha ajabu ni kwamba jeneza halikuyumba hata kidogo. Lilikwenda moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda.

Walikata kona ya mwisho, na muziki ukawapokea.

Habari zilikuwa zimemfikia Mkubwa Bosenge, naye alikuwa ametoa vipaza sauti vyote vya bendi ya Mpela nje ya baa yake, vimepangwa barazani kama mizinga. Vilikuwa vinapiga Ningoje Ngaba. Gitaa la Kiala lilitoka mle likiwa hai, jembamba, kali, linachoma mfupa. Landu alijikwaa, akashikilia ubao wa jeneza asianguke.

"Aaa-yeeei!" santuri ililia. "Ekofo! Kalamu ya Kinshasa!"

Bosenge mwenyewe alisimama mlangoni katika suti nyeusi ya abakosti, tumbo mbele, leso nyeupe mkononi. Kulia na kushoto kwake walikuwa wanajeshi, bunduki tayari. Vijana wa Ngaba walisimama ghafla.

"Mwanangu Kiala!" Bosenge alilia, na machozi yakamtoka kweli. "Nani kakuua, mwanangu? Liwekeni hapa. Hapa kivulini. Yeye ni mtoto wa nyumba hii." Halafu akamwona Ekofo, akafungua mikono. "Lo, wamekufanya nini, ndugu yangu? Wahuni hawa! Njoo. Maikrofoni iko tayari. Nilijua utakuja kutusomea."

Alimkumbatia. Lilikuwa kumbatio refu, la kaka kwa mdogo wake. Ekofo akasikia kitu kigumu kikimgusa ubavu uleule uliovunjika. Kilikuwa chini ya leso nyeupe.

"Utasoma wasifu uleule wa siku zote," Bosenge alimnong'oneza sikioni, machozi bado yanamtiririka. "Kiala alinisaidia. Mimi nilitunga. Unaujua kwa moyo, uliuandika wewe mwenyewe."

"Vidole vyangu vimevunjika, Mkubwa."

"Sihitaji vidole. Nahitaji ulimi. Ukisema lingine, bunduki ya askari itakuwa imefyatuka kwa bahati mbaya kwenye vurugu za wahuni, na kesho nitakuandikia wasifu mzuri kuliko uliowahi kuandika. Mjane naye atakufuata. Vurugu ni vurugu."

Muziki ukazimwa.

Bosenge akamkabidhi maikrofoni, akabaki amesimama nyuma yake, mkono mmoja begani kwa huzuni, mwingine chini ya leso. Ekofo aliishika kwa mkono wa kushoto. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye vipaza sauti vyote, ikapita juu ya mabati ya Matonge, mpaka kule walikomwacha Elombe amelala mtaroni.

Alitazama jeneza. Alimtazama Misumari na panga lake. Kisha akamtazama Landu, miguu mitupu vumbini, amekaza macho yake kwake kama siku ile alipomkabidhi samaki mikononi akamwambia ale kabla hajapoa.

Chini ya leso, kitu kidogo cha chuma kikalia: tik.

Ekofo akafungua mdomo.

"Mama Landu," alisema, na mji mzima ukamsikia, "nakuahidi mbele ya mumeo: wasifu huu nitauanza siku ile ya samaki, na sitanyamaza mpaka niufikishe mwisho."